Nani Huamua Mahali pa Kazi? Historia ya Mgogoro wa Watumishi wa Serikali ya Shirikisho ya Kanada Kuhusu Kurejea Ofisini, 2020–2024

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mgogoro kati ya serikali ya shirikisho ya Kanada na watumishi wake kuhusu kurejea ofisini baada ya janga la UVIKO-19. Yanaangalia kipindi cha kuanzia Machi 2020, watumishi wengi walipotakiwa kufanyia kazi nyumbani, hadi Septemba 2024, walipotakiwa kuwepo ofisini siku zisizopungua tatu kwa wiki. Hoja kuu ni kwamba kiini cha mgogoro hakikuwa tija, bali mamlaka ya kuamua mahali pa kazi. Kwa kuwa mgomo wa mwaka 2023 ulimalizwa kwa barua iliyowekwa nje ya mkataba wa hali bora, mamlaka hayo yalibaki mikononi mwa mwajiri, naye akayatumia tena mwaka mmoja baadaye.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, kazi ni tendo, lakini kazini ni mahali. Kiambishi -ni kinatosha kuligeuza jambo linalofanywa kuwa pahala pa kuendea. Mtu anaposema kwamba fulani yuko kazini, msikilizaji huelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba huyo fulani anafanya kazi, na kwamba hayupo nyumbani. Kwa muda mrefu mambo hayo mawili yalikwenda sambamba pia katika ofisi za nchi za viwanda, kiasi kwamba hapakuwa na haja kubwa ya kuyatenganisha katika sheria wala katika mikataba. Janga la UVIKO-19 liliyatenganisha ghafla. Kuanzia Machi 2020, mamilioni ya wafanyakazi wa ofisini waliendelea kutimiza majukumu yao bila kwenda popote. Waajiri walipoanza kuwaita warudi, swali ambalo awali halikuulizwa kwa uwazi lilihitaji jibu: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kazi ifanyiwe wapi?

Katika kampuni kubwa za Marekani swali hilo lilijibiwa na waajiri peke yao. Juni 2021 uongozi wa Apple ulitangaza siku tatu za ofisini kwa wiki, na baadhi ya wafanyakazi wakajibu kwa barua ya pamoja ya kupinga. Mwishoni mwa Mei 2022 Elon Musk aliwaandikia watumishi wa Tesla kwamba anayetaka kufanyia kazi mbali na ofisi sharti kwanza atimize angalau saa 40 za ofisini kwa wiki. Amazon iliagiza siku tatu kuanzia Mei 2023. Tarehe 31 ya mwezi huo baadhi ya watumishi wake walitoka nje ya ofisi mjini Seattle kuonyesha upinzani, lakini Septemba 2024 kampuni hiyo ilitangaza siku zote tano kuanzia Januari 2025. Watumishi hao wa ofisini hawakuwa na chama kilichotambuliwa kujadiliana kwa niaba yao. Walichobaki nacho ni kuandika barua, kutoka nje kwa saa chache, au kuacha kazi.

Kanada ilikuwa na hali tofauti, na ndiyo sababu inastahili kuchunguzwa peke yake. Mwajiri alikuwa mmoja, yaani serikali ya shirikisho. Watumishi walikuwa na vyama vyenye haki ya kisheria ya kujadiliana na kugoma. Zaidi ya hayo, suala la mahali pa kazi lilifikishwa kwenye meza ya majadiliano na hatimaye kwenye mgomo. Kwa hiyo kisa hiki kinaonyesha kile ambacho wafanyakazi wenye nguvu ya pamoja waliweza kukipata, na kile ambacho hawakukipata.

2.0 Usuli wa mgogoro

2.1 Kutoka nyumbani hadi kiwandani

Kutengana kwa nyumba na kazi si jambo la kale sana. Katika Uingereza ya karne ya 18, sehemu kubwa ya kusokota nyuzi na kufuma vitambaa ilifanyika majumbani. Mfanyabiashara aligawa sufu au pamba kwa familia za vijijini, kisha akarudi kuchukua bidhaa na kulipa kwa kipande. Mfumaji alijipangia saa zake. Mwanahistoria E. P. Thompson, katika makala yake maarufu ya mwaka 1967 kuhusu wakati na nidhamu ya kazi, alieleza desturi ya mafundi wengi ya kuifanya Jumatatu kuwa siku ya mapumziko, kisha kufidia kwa kazi ya mfululizo mwishoni mwa wiki. Kiwanda kilikomesha desturi hiyo kwa kengele, kwa saa ya ukutani na kwa macho ya mnyapara.

Wanazuoni hawakubaliani kuhusu sababu ya mabadiliko hayo. Mwaka 1974 mwanauchumi Stephen Marglin alidai kwamba kiwanda hakikushinda kwa sababu kilikuwa bora kiteknolojia, bali kwa sababu kilimpa mwenye mtaji uwezo wa kusimamia kazi na muda wa mfanyakazi. David Landes alimjibu mwaka 1986, akisisitiza kwamba mashine na nguvu zake ndizo zilizofanya kiwanda kuwa na faida. Mjadala huo haukumalizika, lakini umeacha swali lenye manufaa kwa kila mgogoro wa aina hii: mwajiri anapotaka wafanyakazi wakusanyike mahali pamoja, je, anafuata mahitaji ya kazi yenyewe au mahitaji ya usimamizi?

2.2 Wazo la kuihamisha kazi badala ya mfanyakazi

Safari ya kurudi nyumbani ilianza kama wazo la kuokoa mafuta. Mwaka 1973 Jack Nilles, mhandisi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Southern California, alianza utafiti kuhusu uwezekano wa kutumia simu na kompyuta ili wafanyakazi wasilazimike kusafiri kila siku kwenda katikati ya jiji. Mwaka huohuo ulizuka mgogoro wa mafuta duniani, na wazo lake likapata wasikilizaji. Kampuni ya IBM ilianza majaribio madogo mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwaka 2009 ilitangaza kwamba takribani asilimia 40 ya wafanyakazi wake hawakuwa na ofisi ya kawaida.

Hata hivyo, mwajiri aliyetoa ruhusa hiyo aliweza pia kuiondoa. Februari 2013 kampuni ya Yahoo, chini ya Marissa Mayer, iliwaagiza wafanyakazi waliokuwa majumbani warejee ofisini kufikia Juni mwaka huo. Mwaka 2017 IBM nayo iliwaita maelfu ya watu wake warudi. Matukio haya yalikuwa onyo ambalo halikusikilizwa sana wakati huo: kufanyia kazi nyumbani kulikuwa hisani ya mwajiri, na hisani haidaiwi.

2.3 Utumishi wa umma wa Kanada na mamlaka ya mwajiri

Watumishi wa serikali ya shirikisho ya Kanada walipata haki ya kujadiliana kwa pamoja na kugoma kwa sheria ya mwaka 1967. Chama kikubwa zaidi kati ya vyama vyao ni Muungano wa Utumishi wa Umma wa Kanada, unaojulikana kwa kifupi kama PSAC, ulioundwa mwaka 1966. Upande wa mwajiri huwakilishwa na Bodi ya Hazina, ambayo ni kamati ya mawaziri yenye dhamana ya fedha na utumishi.

Haki ya kujadiliana ilikuwa na mpaka. Kifungu cha 7 cha sheria ya mahusiano ya kazi katika utumishi wa umma, iliyotungwa upya mwaka 2003, kinasema kwamba hakuna kitu katika sheria hiyo kitakachoathiri mamlaka ya Bodi ya Hazina ya kupanga muundo wa utumishi na kugawa majukumu. Mpaka huo ulionekana pia katika sera ya mwaka 1999 iliyoruhusu kufanyia kazi nje ya ofisi. Mtumishi aliweza kuomba na kiongozi wake aliweza kukubali. Hakuna aliyelazimishwa, lakini pia hakuna aliyekuwa na haki ya kudai. Sera hiyo ilipobadilishwa na mwongozo mpya ulioanza kutumika tarehe 1 Aprili 2020, msingi huo haukuguswa. Watumishi walianza maisha mapya ya kufanyia kazi nyumbani wakiwa chini ya kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya wachache.

3.0 Machi 2020: Ofisi zinapofungwa

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Katika siku zilizofuata serikali ya Kanada, iliyokuwa na watumishi wapatao 300,000, iliwaagiza wote ambao kazi zao ziliruhusu wabaki nyumbani. Mwanzo ulikuwa mgumu. Mitandao ya kompyuta ya serikali haikujengwa kwa ajili ya watu wengi kiasi hicho, na idara ziliwaomba watumishi wasio na kazi za dharura waiachie nafasi.

Hata hivyo, kazi ilifanyika. Tarehe 6 Aprili 2020 zilianza kupokelewa fomu za maombi ya posho ya dharura ya dola 2,000 za Kanada kwa kila wiki nne kwa watu waliopoteza kipato. Zaidi ya watu milioni 8 walilipwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliendeshwa na watumishi walioketi mezani pa chakula au kwenye vyumba vya kulala. Kwa vyama vya wafanyakazi, posho hiyo ikawa ushahidi wa kwanza katika kesi yao.

Upande wa pili nao ulikuwa na ushahidi wake. Desemba 2022 Mkaguzi Mkuu wa Kanada aliripoti kwamba dola bilioni 4.6 za misaada ya janga zililipwa kwa watu wasiostahili, na kwamba malipo mengine ya angalau dola bilioni 27.4 yalihitaji kuchunguzwa zaidi. Miezi michache kabla ya hapo, katikati ya mwaka 2022, wananchi walipanga foleni ndefu nje ya ofisi za pasipoti, wengine wakilala hapohapo. Wakosoaji walidai kwamba huo ndio mwisho wa utumishi usio na ofisi. Lakini kasoro za posho zilitokana kwa kiasi kikubwa na uamuzi wa makusudi wa kulipa kwanza na kuhakiki baadaye, na foleni za pasipoti zilifuata wimbi la watu waliotaka kusafiri tena baada ya mipaka kufunguliwa. Kila upande uliyasoma matukio yaleyale kwa namna iliyoufaa.

Jambo lililopata uangalizi mdogo ni gharama. Ofisi ilipohamia nyumbani, mtumishi ndiye aliyelipia intaneti, umeme, meza na joto la chumba katika majira ya baridi. Serikali yenyewe ilikiri jambo hilo kupitia kodi: kwa mwaka 2020 iliruhusu mfanyakazi apunguziwe kipato kinachotozwa kodi kwa dola 2 kwa kila siku aliyofanyia kazi nyumbani, hadi dola 400, na kiwango hicho kikapandishwa hadi dola 500 kwa miaka ya 2021 na 2022. Kwa upande mwingine, mtumishi aliokoa nauli, mafuta ya gari, ada ya maegesho na saa za njiani. Baada ya miaka miwili wengi walikuwa wamepanga maisha yao juu ya hesabu hiyo. Wapo waliohama mbali na katikati ya jiji, na wapo waliopanga malezi ya watoto kwa kutegemea saa walizoziokoa.

4.0 Agizo la Desemba 2022

Kwa muda mrefu kila idara ilijiamulia utaratibu wake wa kurejea. Tarehe 15 Desemba 2022 Mona Fortier, aliyekuwa Rais wa Bodi ya Hazina, alitangaza utaratibu mmoja kwa utumishi wote wa msingi. Kila mtumishi angetakiwa kuwepo ofisini siku mbili hadi tatu kwa wiki, au asilimia 40 hadi 60 ya ratiba yake. Utekelezaji ungeanza tarehe 16 Januari 2023 na kukamilika tarehe 31 Machi.

Sababu zilizotolewa zinastahili kuangaliwa kwa makini. Serikali haikudai kwamba watumishi walikuwa wavivu, wala haikujenga agizo lake juu ya takwimu za tija. Ilizungumzia usawa kati ya idara, ushirikiano, mafunzo kwa watumishi wapya na utamaduni wa pamoja wa utumishi. Hoja ya usawa ilikuwa na uzito wa kweli. Watu wawili wenye cheo kimoja, katika idara mbili zinazotazamana barabarani, waliweza kuwa na masharti tofauti kabisa. Hoja ya watumishi wapya nayo haikuwa ya kubuni, kwa sababu maelfu walikuwa wameajiriwa wakati wa janga na hawakuwahi kukaa na wenzao chumba kimoja.

Vyama vilijibu kwa hoja mbili. Ya kwanza ilihusu utekelezaji. Watumishi wengi waliitwa kwenye majengo ambayo hayakuwa na dawati la kila mtu, hivyo walilazimika kuagiza nafasi mapema kupitia programu ya kompyuta. Yalisikika malalamiko ya watu waliosafiri saa nzima ili kukaa ofisini na kuhudhuria mikutano ya video na wenzao wa miji mingine. Mjini Ottawa, ambako mji mkuu na vitongoji vyake vina zaidi ya asilimia 40 ya watumishi wote, treni mpya ya mjini iliyofunguliwa Septemba 2019 ilikuwa imeacha reli mara mbili mwaka 2021 na kufanyiwa uchunguzi wa umma uliotoa taarifa Novemba 2022. Kumwambia mtumishi arudi ofisini kulikuwa pia kumwambia aitegemee treni hiyo.

Hoja ya pili, iliyo muhimu zaidi kwa makala haya, ilihusu utaratibu. Mikataba ya hali bora ya makundi mengi ya PSAC ilikuwa imekwisha muda wake mwaka 2021 na mazungumzo ya mikataba mipya yalikuwa yanaendelea. Kufanyia kazi mbali na ofisi kulikuwa miongoni mwa madai yaliyokuwa mezani. Kwa macho ya chama, mwajiri alikuwa ameamua nje ya chumba cha mazungumzo jambo lililopaswa kujadiliwa ndani yake. Kwa macho ya serikali, mahali pa kazi hapakuwahi kuwa jambo la kujadiliwa.

5.0 Mgomo wa Aprili 2023

Mgomo uliofuata haukusababishwa na suala la ofisi peke yake. Mfumuko wa bei nchini Kanada ulifikia asilimia 8.1 mwezi Juni 2022, na mishahara ya watumishi ilikuwa bado inafuata mikataba ya zamani. PSAC ilidai nyongeza ya asilimia 13.5 kwa miaka mitatu, na serikali ikatoa asilimia 9 kwa kipindi hichohicho. Kulikuwa pia na madai kuhusu kazi kupewa makandarasi wa nje na kuhusu ukongwe kazini wakati wa kupunguza watumishi. Lakini suala la kufanyia kazi nyumbani lilitajwa kila siku sambamba na mshahara, jambo lililokuwa jipya katika historia ya migomo ya Kanada.

Tarehe 19 Aprili 2023 zaidi ya watumishi 155,000 waliitwa kwenye mgomo: zaidi ya 120,000 chini ya Bodi ya Hazina, na wengine wapatao 35,000 wa Mamlaka ya Mapato. Ulikuwa miongoni mwa migomo mikubwa kuwahi kufanywa dhidi ya mwajiri mmoja nchini humo. Mistari ya wagomaji iliwekwa katika maeneo zaidi ya 250. Huduma za pasipoti na uhamiaji zilikwama, na mgomo uliangukia siku za mwisho za kuwasilisha taarifa za kodi.

Mgomo huo ulikuwa na kitendawili ndani yake. Mgomo wa kawaida huondoa watu mahali pa kazi, na nguvu yake huonekana kwa mashine zilizosimama na milango iliyofungwa. Hapa wengi wa wagomaji hawakuwa na mlango wa kufunga, kwa sababu mahali pao pa kazi palikuwa nyumbani kwao. Ili mgomo uonekane, iliwabidi wasafiri kwenda kusimama mbele ya ofisi ambazo hawakutaka kulazimishwa kurudi. Wapinzani waliwacheka kwa hilo. Hata hivyo, wagomaji hawakuwa wamesema kwamba hawataki kamwe kukutana na wenzao. Walichopinga ni kuamriwa bila kusikilizwa.

Kitendawili cha pili kilikuwa ndani ya chama chenyewe. Wanachama wa PSAC walijumuisha wafanya usafi, mabaharia wa ulinzi wa pwani, mafundi na wapishi. Hao hawakuwahi kufanyia kazi nyumbani hata siku moja ya janga. Kwao dai la mahali pa kazi lilikuwa la watu wengine. Uongozi wa chama ulilazimika kuliunganisha dai hilo na mshahara, ambao uliwagusa wote, na muungano huo ndio ulioamua ni dai lipi lingelegezwa kwanza wakati wa mapatano.

6.0 Barua iliyo nje ya mkataba

Alfajiri ya tarehe 1 Mei 2023 pande mbili zilitangaza makubaliano ya awali kwa makundi ya Bodi ya Hazina. Watumishi wa Mamlaka ya Mapato walifikia yao tarehe 4 Mei. Nyongeza ya mishahara ilifikia jumla ya asilimia 12.6 kwa miaka minne, pamoja na malipo ya mara moja ya dola 2,500. Kuhusu mahali pa kazi, mkataba wa hali bora haukubadilishwa. Badala yake pande mbili zilikubaliana kwa barua ya pembeni.

Barua hiyo ilikuwa na mambo matatu ya msingi. Kwanza, ombi la mtumishi la kufanyia kazi mbali na ofisi lingeangaliwa kwa kuzingatia hali yake binafsi, si kwa uamuzi wa jumla kwa kundi zima. Pili, kiongozi angetoa jibu lake kwa maandishi. Tatu, kungeundwa kamati za pamoja katika idara za kuwashauri wakuu pale ambapo mtumishi hakuridhika. Zaidi ya hayo, mwongozo wa mwaka 2020 ungepitiwa upya kwa kushirikiana na vyama.

Chris Aylward, aliyekuwa rais wa PSAC, aliyaeleza makubaliano hayo kama kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela. Serikali kwa upande wake ilisisitiza kwamba mamlaka yake ya kupanga kazi yalibaki kama yalivyokuwa. Kauli zote mbili zilikuwa za kweli, na hapo ndipo udhaifu wa makubaliano ulipojificha. Barua ilimpa mtumishi haki ya utaratibu: haki ya kuuliza, kusikilizwa na kujibiwa. Haikumpa haki ya mahali. Kwa kuwa ilikuwa nje ya mkataba, haikuweza kulindwa kwa njia ileile inayolinda mshahara au likizo, ambapo mtumishi aliyekiukwa hupeleka shauri mbele ya msuluhishi mwenye uwezo wa kutoa uamuzi unaomfunga mwajiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watumishi wa Kanada hawakukosa daftari kabisa, lakini mali yao iliandikwa katika karatasi ya pembeni.

7.0 Mei 2024: Agizo la pili

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 1 Mei 2024, Bodi ya Hazina, wakati huo ikiongozwa na Anita Anand, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 9 Septemba 2024 watumishi wangetakiwa ofisini siku zisizopungua tatu kwa wiki, na wakuu siku nne. Vyama vilikasirishwa na agizo lenyewe na pia na siku iliyochaguliwa, ambayo ni sikukuu ya wafanyakazi duniani na kumbukumbu ya mapatano yaliyomaliza mgomo.

Agizo hili lilizua shaka kwa sababu lilikinzana na sera nyingine ya serikali ileile. Bajeti iliyosomwa wiki mbili kabla, tarehe 16 Aprili 2024, ilitenga dola bilioni 1.1 kwa miaka kumi ili kupunguza kwa nusu majengo ya ofisi za serikali. Serikali ilikuwa inauza madawati huku ikiita watu wa kuyakalia. Wakati huohuo wafanyabiashara wa katikati ya Ottawa, ambao migahawa na maduka yao yalitegemea watumishi wa mchana, walikuwa wakilalamika kwa muda mrefu, na Waziri Mkuu wa jimbo la Ontario, Doug Ford, alikuwa amehimiza hadharani watumishi warudishwe. Serikali ilieleza agizo lake kwa lugha ya ushirikiano na utendaji. Vyama vilidai kwamba mtumishi anatumiwa kuokoa uchumi wa mtaa kwa nauli yake mwenyewe.

PSAC na vyama vingine viliungana kupinga, vikafanya maandamano na kwenda Mahakama ya Shirikisho. Hata hivyo tarehe 9 Septemba ilifika na agizo likaanza kutumika. Mwaka 2023 chama kilikuwa na silaha ya mgomo kwa sababu mkataba ulikuwa umekwisha muda wake. Mwaka 2024 mkataba mpya ulikuwa unatumika, na sheria ya Kanada hairuhusu mgomo wakati mkataba uko hai. Mwajiri alitumia mamlaka yake katika kipindi ambacho watumishi hawakuwa na njia halali ya kusimamisha kazi.

8.0 Mjadala

Ikiwa mgogoro huu ungekuwa wa tija, utafiti uliokuwepo ungeweza kuusaidia. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio katika kampuni ya usafiri ya Ctrip mjini Shanghai. Wahudumu wa simu waliofanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa waliongeza ufanisi kwa asilimia 13, na kasi ya kuacha kazi ilishuka kwa nusu. Lakini jaribio lilipomalizika, karibu nusu yao walichagua kurudi ofisini, na upweke ulitajwa kuwa sababu kubwa. Mwaka 2024 Bloom na wenzake walichapisha jaribio jingine katika kampuni hiyohiyo, likihusisha wafanyakazi 1,612 waliogawanywa kati ya ofisi ya siku tano na mchanganyiko wa ofisi na nyumbani. Mchanganyiko huo ulipunguza kuacha kazi kwa theluthi moja, na hakukuwa na athari katika upandishwaji vyeo wala tathmini za kazi.

Matokeo hayo hayampi ushindi kamili mtu yeyote. Yanaonyesha kwamba siku mbili au tatu za ofisini hazikuwa balaa kwa watumishi, na kwamba siku mbili au tatu za nyumbani hazikuwa balaa kwa mwajiri. Kwa maneno mengine, kimatokeo pande mbili za Kanada hazikuwa mbali sana, kwani mpango wa serikali wenyewe ulikuwa wa mchanganyiko. Kama umbali ulikuwa wa siku moja kwa wiki, ni vigumu kueleza kwa tija peke yake kwa nini watu 155,000 waliitwa kwenye mgomo. Maelezo yanayotosheleza zaidi ni kwamba kila upande uliona kitu kikubwa nyuma ya siku hiyo moja. Serikali iliogopa kwamba ikikubali kuandika mahali pa kazi katika mkataba, itakuwa imeruhusu msuluhishi aamue jambo ambalo kifungu cha 7 kiliacha mikononi mwake. Chama kiliogopa kwamba kisipoandikwa, siku mbili zingekuwa tatu. Hofu ya chama ilithibitishwa katika muda wa miezi kumi na miwili.

Hapa swali la Marglin linarudi kwa sura mpya. Mfumaji wa karne ya 18 alipoteza mamlaka juu ya saa zake alipoingia kiwandani. Mtumishi wa 2020 hakuyapata tena mamlaka hayo alipotoka ofisini; alikuwa nyumbani kwa amri, kama vile alivyorudishwa baadaye kwa amri. Kompyuta iliiwezesha kazi kuhama, lakini haikuihamisha haki ya kuamua.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mgogoro wa Kanada ulikuwa na mwendo unaoeleweka: ruhusa isiyo na haki mwaka 1999, lazima isiyo na mkataba mwaka 2020, agizo mwaka 2022, mgomo na barua mwaka 2023, na agizo jingine mwaka 2024. Katika mwendo huo wote, teknolojia na tabia za watu zilibadilika sana, ilhali msingi wa kisheria haukubadilika. Watumishi walipata mshahara katika mkataba na ahadi katika barua, na kila kimoja kilidumu kwa kadiri ya mahali kilipoandikwa.

Isidhaniwe kwamba barua ilikuwa bure. Sharti la jibu la maandishi kwa mtu mmojammoja lilimlazimu kiongozi aeleze sababu, na mlemavu au mlezi wa mgonjwa anayeomba hali yake iangaliwe ana ushahidi mkononi ambao mtumishi wa kabla ya mwaka 2023 hakuwa nao. Lakini kinga hiyo ni ya mtu mmoja mbele ya kiongozi wake, na haimzuii mwajiri kubadili kanuni kwa wote. Mikataba ya miaka minne iliyomaliza mgomo ilifikia ukomo wake mwaka 2025, na kwa hiyo swali lililowekwa pembeni alfajiri ile ya Mei lilipata tena njia ya kurudi mezani. Chama chochote cha wafanyakazi kitakacholibeba swali hilo, nchini Kanada au kwingineko, kitahitaji kujiuliza kwanza si siku ngapi za kudai, bali siku hizo ziandikwe wapi.